Farasi wetu ni wa mti: historia fupi ya chukudu na tuchukudu twa watoto

Ndosho, Goma. Jioni, mvua ikikatika, kuna mteremko mmoja hapa Ndosho, upande wa barabara ya kwenda Sake, ambapo watoto hukusanyika. Wengine wana magari ya waya, wengine wana lori zilizokatwa kwenye bidoni la mafuta. Lakini wengi wana tuchukudu: chukudu ndogo za mti, zenye urefu wa mkono wa mtoto. Wanaziweka juu kwenye mteremko, wanazipakia mawe ya volkano badala ya magunia ya makala, halafu wanaziachilia. Inayofika chini bila kuanguka ndiyo inayoshangiliwa.

Siku moja nilisimama pale, nikamwona mtoto wa miaka 10 hivi ambaye hakuachilia kachukudu kake. Alikuwa amekaa pembeni, amekaweka juu ya magoti. Kalikuwa kametengenezwa vizuri kuliko tote: magurudumu ya mviringo kamili, kipande cha mpira mahali pa kuweka goti, na usukani ambao upande mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Nikamwambia aniuzie. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Hapana, papa. Hii haiko ya kuuzisha. Ni ile ya baba."

Nilifikiri kwamba baba yake ndiye aliyeitengeneza. Sivyo. Mama yake, aliyekuwa anauza mkaa karibu hapo, alinieleza. Baba ya mtoto alikuwa mtu wa chukudu kwa miaka mingi. Walipokimbia vita, chukudu ilivunjika njiani ikiwa imebeba magodoro, sufuria na mtoto mdogo. Waliiacha kando ya barabara. Mtoto ameitengeneza upya kwa ukumbusho tu, vile alivyoijua. Ule upande mfupi wa usukani si kosa la fundi. Ya baba ilikuwa hivyo: ilivunjika siku moja, ikafungwa fimbo nyingine iliyokuwa fupi.

Ndugu wasomaji na wasikilizaji, pamoja nanyi familia mliohamishwa ambao bado hamjafika nyumbani, hadithi ya mtoto huyu imenifanya nitafute historia. Kwa nini mwanadamu hutengeneza mfano mdogo wa kitu kinachombebea maisha yake, akautunza, akakataa kuuuza? Na sisi wa Goma tuna nafasi gani katika historia hiyo?

Farasi wadogo wa Chicago

Tuanzie mbali. Huko Marekani kuna watu wengi, wakubwa kwa wadogo, ambao kazi yao ya kujifurahisha ni kukusanya farasi wadogo wa plastiki. Si vitu vya kutupwa chini na kukanyagwa. Ni mifano iliyochongwa kwa kufuata mwili wa farasi wa kweli: misuli, kwato, mishipa ya shingo, hata namna sikio linavyogeuka farasi akisikia kitu.

Mambo hayo yalianza karibu kwa bahati. Katika mji wa Chicago, mwaka 1950, kampuni ya Breyer iliyokuwa inatengeneza vitu vya plastiki iliombwa na kampuni ya saa, MasterCrafters, itengeneze farasi wa kusimama kando ya saa ya mezani. Kazi ilipokwisha, kalibu ya farasi ilibaki mikononi mwa Breyer. Watu wakaanza kuuliza kama wanaweza kumpata farasi bila saa. Kampuni ikaona kwamba farasi anapendwa kuliko saa yenyewe. Kutoka farasi huyo mmoja zikatoka jamii nyingi, za kila rangi na kila kabila la farasi.

Ukubwa unaojulikana zaidi ni wa moja kwa tisa, maana yake farasi wa kweli ni mkubwa mara 9 kuliko mfano wake. Wenye kukusanya walianza kuandikiana barua na kutumiana picha kwa posta, waamuzi wakazitazama na kutoa zawadi. Baadaye wakaanza kukutana ana kwa ana, kila mtu na farasi wake amefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku. Tangu mwaka 1990 kuna mkutano mkubwa wa kila mwaka katika jimbo la Kentucky, kwenye bustani ya farasi ya Lexington.

Mashindano hayo yana sheria. Mfano unawekwa juu ya meza pamoja na karatasi ndogo inayotaja jina na kabila la farasi. Mwamuzi anatazama: Je, mwili wake ni sawa? Je, rangi hii inapatikana kweli kwa farasi wa kabila hilo? Je, tandiko limefungwa pale linapofungwa kweli? Mtu anaweza kushona tandiko dogo kwa ngozi, na buku lake likawa dogo kuliko ukucha. Akikosea mkanda mmoja, mwamuzi anaona.

Wengi kati ya watu hao hawana farasi wa kweli. Farasi anakula sana, anahitaji shamba na daktari. Mfano ni njia ya kuwa karibu na kitu unachokipenda ambacho huwezi kukipata, au ambacho ulikuwa nacho kikapotea. Mtoto wa Ndosho angewaelewa bila mtu wa kumtafsiria.

Nchi isiyo na farasi

Hapa kwetu farasi hakuwahi kuwa mnyama wa kazi. Ethiopia wana farasi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na kule Sudani na Sahel farasi wamepandwa kwa karne nyingi. Lakini katika bonde la Kongo, mbung'o aliziba njia. Nzi huyo anabeba ugonjwa unaoua farasi, na misitu yetu ilimpa makao mazuri. Ng'ombe walipita kwenye nyanda za juu, wakafika Masisi na Rutshuru. Farasi hakupita.

Kwa hiyo mzigo ulibebwa na nani? Ulibebwa na mtu. Kabla ya reli ya Matadi kwenda Léopoldville kukamilika mwaka 1898, bidhaa za serikali ya Leopold wa Pili zilipandishwa kwa vichwa na mabega ya watu, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, kwa njia ya miguu ya majuma mengi. Wengi walikufa njiani. Upande huu wa mashariki, misafara ya biashara kutoka pwani ilifanya vilevile: pembe zikatoka kwa mabega, vitambaa vikaingia kwa mabega. Hata Kiswahili hiki tunachokisema Goma kilikuja kwa miguu, pamoja na wapagazi na wafanyabiashara waliopita Maniema.

Wakoloni walijua shida hiyo. Mwaka 1900, afisa mmoja jina lake Jules Laplume alipewa kazi ya kukamata na kufundisha tembo kule Uele, ili wavute mikokoteni na kulima. Kituo hicho baadaye kilihamia Gangala-na-Bodio, karibu na Garamba. Tembo walifundishika kweli, lakini tembo hakuweza kuwa mnyama wa kila mlango. Mama wa Kibumba mwenye magunia 4 ya viazi hakuwa na tembo, hakuwa na farasi, hakuwa na pesa ya lori. Alikuwa na mgongo wake tu.

Volkano na farasi wa mti

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa historia ya mbali inakutana na yetu.

Mwezi wa 4 mwaka 1815, volkano ya Tambora ililipuka huko Indonesia. Ulikuwa mlipuko mkubwa kabisa. Moshi na vumbi vilipanda juu sana, vikazunguka dunia, vikapunguza joto la jua. Mwaka uliofuata, 1816, sehemu nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hazikuona majira ya joto. Mazao yaliharibika, bei ya nafaka ikapanda, watu wakalala njaa. Farasi nao wanakula nafaka.

Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim nchini Ujerumani, mtu mmoja jina lake Karl Drais alitoka na chombo cha ajabu: magurudumu 2 ya mti, moja mbele, moja nyuma, ubao wa kukalia katikati, na usukani. Hakikuwa na pedali wala mnyororo. Alikalia ubao, akasukuma ardhi kwa miguu, mguu huu, mguu ule. Tarehe 12 Juni alikwenda na kurudi, karibu kilometa 14, kwa muda wa saa 1 hivi. Chombo hicho ndicho babu wa baiskeli zote. Waingereza walipokipata wakakiita kwa jina la farasi wa fimbo ambaye watoto wao huchezea.

Mwanahistoria Mjerumani Hans-Erhard Lessing ameeleza kwamba Drais alitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya farasi kwa sababu ya ile njaa iliyoletwa na volkano. Wengine hawakubaliani naye. Lakini mtu wa Goma akisikia maneno haya, hawezi kukosa kutabasamu. Volkano, shida ya chakula, magurudumu 2 ya mti, mtu anayesukuma kwa mguu. Hiyo tunaijua. Tunaiona kila asubuhi barabarani.

Chukudu ya kwetu

Chukudu ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu. Mwishoni mwa 1973 serikali ilitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatachukuliwa na Wazaire. Miaka iliyofuata uchumi ulianguka, vipuri vikakosekana, mafuta yakawa ghali, barabara zikaharibika. Lori lilipolala bila tairi, watu wa vijijini walitazama walichokuwa nacho: miti, panga, na tairi la lori lililolala.

Watu waliojulikana sana kwa kazi hii ni wa upande wa Kibumba, katika Nyiragongo. Kutoka kule mpaka Goma barabara inateremka. Viazi, kabichi, kuni na makala vilishuka kwa chukudu, na mwenye chukudu akarudi juu akisukuma.

Kwa wale watoto waliozaliwa kambini na hawajawahi kuona ikitengenezwa, nieleze. Uti wa chukudu ni mbao nene na ndefu, mara nyingi wa mkaratusi, unaopita urefu wa mtu mzima. Magurudumu yanachongwa kwa mti mgumu, ule tunaouita mumba ukipatikana, kwa sababu mti laini unapasuka juu ya mawe. Kuzunguka gurudumu inapigiliwa mpira uliokatwa kwenye tairi la zamani. Katikati inaingia ruleman ya chuma iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Mbele kuna usukani wenye pembe 2 kama za ng'ombe. Juu ya ubao kuna kipande cha mpira cha kuwekea goti: goti moja linapumzika juu, mguu mwingine unasukuma. Nyuma kuna kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu. Hiyo ndiyo breki. Fundi hodari anamaliza kwa siku chache. Ikipakiwa vizuri, inabeba mamia ya kilo.

Kwa hiyo msidanganywe na anayecheka kwamba ni kitu cha kizamani. Chukudu imelipa masomo, imelipa mahari, imejenga nyumba za mbao katika kartie nyingi za mji huu. Wenye mji wenyewe walikubali hivyo: katikati ya Goma, kwenye rond-point inayoitwa kwa jina lake, kuna sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwanaume na chukudu. Miji mingi duniani imeweka katikati mfalme au jenerali juu ya farasi. Goma iliweka mtu anayesukuma mzigo.

Tuchukudu

Palipo na chombo cha baba, pana chombo cha mtoto. Wazee husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto wa mtu wa chukudu anaanza kwa kuokota vipande vinavyoanguka chini fundi akichonga. Kwanza anafanya gurudumu moja na fimbo. Halafu 2. Halafu anaomba msumari. Akifika miaka 9 au 10 ana kachukudu kake, na akifika 12 kamekuwa kakubwa cha kutosha kubeba bidoni la lita 20 kutoka kwenye bomba la maji. Mchezo unageuka kazi bila mtu kutangaza.

Kwa hiyo usiziite zote vitu vya kuchezea. Ukitazama, utaona ngazi 3. Kuna kale ka mkononi, ka kuachilia kwenye mteremko. Kuna kale ka kubebea maji, ambako ni chombo kamili. Na kuna zile zinazochongwa vizuri na kupakwa mafuta ili ziuzwe kwa wageni kama ukumbusho wa Goma. Hizo za mwisho ziko kwenye meza na kabati za watu huko Ulaya na Marekani, pengine kando ya farasi wa plastiki.

Chukudu si mfano pekee wa kwetu. Watoto wa wafugaji wa Masisi wanafinyanga ng'ombe wa udongo. Wanawawekea pembe za vijiti, wanawapanga ndani ya zizi la mawe madogo, wanawapa majina ya ng'ombe wa nyumbani. Kazi hiyo ni ya zamani sana, na inapatikana karibu kila mahali penye wafugaji, kutoka Maziwa Makuu mpaka Karamoja. Mtoto anayefinyanga anajifunza: pembe za huyu zimeinama, nundu ya huyu ni ndogo, huyu ana mimba. Na pwani ya Waswahili, kule Lamu na Zanzibar, watoto wa mabaharia wanachonga ngalawa ndogo, wanaziwekea tanga la kitambaa au plastiki, wanazishindanisha majini. Mtoto wa pwani anafanya chombo, mtoto wa Masisi anafanya ng'ombe, mtoto wa Kibumba anafanya chukudu. Kila mmoja anafanya mfano wa kile kinacholisha nyumba yao.

Mizigo ya kukimbia

Historia ya mji huu ni historia ya kufunga mizigo haraka. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka na lava ikashuka kwa kasi ambayo watu hawakuwahi kuiona. Mwaka 1994, mwezi wa 7, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikawaua wengi. Kibumba ya mafundi wa chukudu ikawa kambi. Hapa Ndosho pia palikuwa na kituo cha watoto waliopoteza wazazi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata mji katikati na kufika ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku 5 baadaye kata 10 za mji ziliamriwa kuhama, na barabara ya Sake ikajaa.

Kisha vita. Tangu 2022 familia za Rutshuru, Nyiragongo na Masisi zilijaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia mjini, na Februari kambi zikafungwa. Watu walifunga bashi zao tena na kutoka, wengine kwenda kwenye vijiji ambavyo nyumba hazikuwepo tena, wengine kujibanza kwa ndugu hapa Ndosho na kwingineko.

Katika kila mojawapo ya siku hizo, chukudu ilikuwa barabarani. Ilibeba godoro, mzee asiyeweza kutembea, mama aliyejifungua juzi, mlango wa nyumba uliong'olewa ili usiibwe. Mtu mwenye chukudu alikimbia na nyumba yake nusu. Asiyekuwa nayo alikimbia na alichoweza kuweka kichwani.

Ndiyo maana kupoteza chukudu ni kupoteza mara mbili. Unapoteza mzigo wa siku ile, na unapoteza kazi ya siku zote zinazofuata. Baba ya yule mtoto sasa anabeba mizigo ya watu kwa mgongo sokoni. Amerudi pale walipokuwa babu zetu kabla ya 1898. Pesa ya chukudu mpya haijapatikana.

Lakini tazameni mtoto alichofanya. Shule ilisimama, shamba limebaki nyuma, picha za familia zimebaki nyuma. Yeye akaokota kipande cha mbao, kopo, kandambili iliyokatika, akatengeneza tena kile alichokiona kikiachwa. Hakufanya chukudu yoyote tu. Alifanya ile moja. Kule Kentucky wangesema ameshinda, maana mwamuzi wao anatafuta kitu hicho hicho: je, huyu ni farasi fulani, au ni farasi tu?

Kitu kinachoweza kupotea

Kwa nini nawaandikia haya sasa? Kwa sababu chukudu yenyewe imeanza kupungua mjini. Pikipiki zilichukua abiria, na pikipiki za magurudumu 3 zinachukua mizigo. Sikatai maendeleo. Mtu akipata injini, goti lake linapumzika. Lakini fundi wa chukudu akikosa wateja, mtoto wake hataokota vipande. Na fundi akikimbia kijiji, akiuza shoka lake ili wale, elimu ya mti gani unapasuka na mti gani haupasuki inakwenda naye.

Basi mimi nina ombi, na halihitaji mradi wala pesa ya mtu.

Wazazi, mtoto akitengeneza kachukudu, ng'ombe wa udongo au gari la waya, msiichome kama kuni jioni ileile. Najua kuni ni ghali. Chomeni kingine kwanza. Kaeni dakika 10, mwulizeni: hii ni ya nani? Sehemu hii inaitwaje? Kama amekosea, mwonyesheni. Wewe uliyekuwa na ng'ombe 6 kule Masisi, mfinyangie mwanao wale 6, umtajie majina yao. Kama hamtarudi karibuni, angalau atajua alitoka kwenye zizi gani.

Walimu, watoto wa Ndosho tayari wanashindana kwenye mteremko, na anayeshinda ni mwenye mbio. Tungeweza kuongeza shindano la pili, la kutazama. Kila mtoto aweke kazi yake juu ya meza, aeleze ni ya nani, inatoka wapi, imetengenezwa na nini. Waamuzi wawe watu wa chukudu wenyewe, wale wazee wenye goti gumu. Watatazama: gurudumu limesimama sawa? Breki inagusa? Mzigo ukipakiwa, uzito utaanguka wapi? Nadhani wazee hao hawajawahi kuitwa shuleni wafundishe kitu. Wana somo la fizikia lote mikononi mwao.

Na ninyi mnaotusoma kutoka mbali, mlioko Kampala, Nairobi, Bruxelles au Canada, ambao mna kachukudu juu ya kabati: kageuzeni, katazameni chini. Mara nyingi fundi ameacha alama ya kisu pale. Waambieni watoto wenu kwamba hilo si pambo tu.

Nilirudi kwenye mteremko siku iliyofuata. Safari hii baba alikuwepo, ametoka sokoni, shingo bado ina alama ya kamba. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mwanawe, ameshika kachukudu mkononi, anakageuza polepole. Sikusikia yote waliyosema. Nilisikia tu mwisho.

"Iko muzuri. Lakini fre ulisahau. Fre ilikuwa huku, upande wa kushoto. Lete kisu."

Mtoto alikimbia kuleta kisu.